Bosi Hataki Kijiko

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la vijiko. Nimelinunua niwe naandika mtoto amekula vijiko vingapi, saa ngapi, vya chakula gani, kama ninavyowaelekeza kina mama wa kliniki kila Ijumaa. Leo ametimiza miezi sita. Miezi sita ya maziwa yangu tu, hata tone la maji hajaonja, na kwa hilo nimejisifu sana kazini, sifichi. Uzito wake ni kilo saba nukta tatu. Tunamwita Bosi kwa sababu tangu ana miezi mitatu hulala na mikono juu ya tumbo akiwakagua wageni.

Asubuhi: nusu kijiko cha uji mzito. Umerudi wote.

Jioni: nusu kijiko. Umerudi wote na zaidi, sijui hiyo zaidi imetoka wapi.

Ulirudi polepole, unasukumwa na ulimi, ukateleza kidevuni, ukaingia kwenye mikunjo ya shingo. Nikafuta, ukatoka mwingine, nikafuta. Uji uliochanganyika na maziwa ya mtoto una harufu fulani ya uchachu ambayo mimi tumbo linanipanda mpaka hapa kooni. Na mimi ndiye ninayewafundisha watu mambo haya. Mvua nazo zimeanza leo, kwa hiyo nguo hazitakauka.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe amefika, na begi moja na mwavuli uliovunjika mbavu. Likizo yangu imekwisha, kwa hiyo atakaa nasi mpaka mvua ziishe awe anabaki na mtoto. Ni mama mwema. Watoto saba kawalea, wote wazima, na hilo hulikumbusha kila baada ya chai.

Saa nne nilimkuta jikoni anaonja uji wa mtoto kwa midomo yake, halafu kijiko kilekile kinaelekea kwa mtoto.

"Mama, samahani, naomba hicho kijiko."

"Naangalia usije ukamuunguza."

"Tunadondoshea nyuma ya kiganja, mama. Hivi."

Akadondoshea nyuma ya kiganja chake, akatulia, akasema kweli umepoa. Kisha akaulamba mkono wake na kunirudishia kijiko. Nilikwenda kukiosha mara mbili kwa maji ya moto. Mate ni mate, hata yawe ya mama mkwe.

Alhamisi, 7 Machi

Viwili vimeingia, viwili vimetoka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimebandika karatasi ya masharti ukutani jikoni. Mtoto alishwe kwenye kiti chake, amefungwa mkanda na amevaa kitambaa cha kifuani. Asiguse chakula. Afutwe mdomo kila baada ya kijiko. Kijiko chake kisiingie mdomo mwingine wowote. Baba yake asikaribie kabla hajaoga.

Hilo la mwisho lina sababu. Mume wangu ni fundi bomba, na msimu wa mvua ndio msimu wa mitaro kuziba. Anaingiza mkono kwenye maji machafu hadi begani huku anasimulia mpira. Kila jioni anarudi na harufu yake, na anataka kumbeba mtoto hivyohivyo.

"Mwalimu, hii ni jela," alisema alipoisoma karatasi.

"Ni usafi."

Mama mkwe alimwomba mwanawe amsomee kwa sauti, mara mbili, kwa sababu miwani yake iko kwenye begi. Akasikiliza hadi mwisho. "Sawa," akasema. "Yeye ndiye mtaalamu." Nililipenda jibu hilo.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Boga. Amelitema kwenye blauzi ya kazini.

Ijumaa, 15 Machi

Darasa la kwanza tangu nirudi kazini. Ni chumba kimoja chenye mabenchi pembeni, mzani umening'inia kwenye boriti, na chini ya mzani kuna ile kaptura ya kuwapimia watoto, ambayo kila anayewekwa ndani yake anaikojolea. Tunaifua. Harufu inabaki. Siku za mvua, madirisha yakifungwa, ukiingia unaipata usoni kabla hujasalimia mtu.

Kila mama huleta chakula kidogo kutoka nyumbani, mimi naonja, nasema kipondwe zaidi au kiongezwe mafuta, halafu kina mama wanalisha watoto mbele yangu. Hapo kwenye kuonja ndipo naomba Mungu anionee huruma. Leo nimeonja uji uliopoa ukajitengenezea ngozi juu, na samaki aliyepondwa akafanana na kitu nisichotaka kukiandika.

Halafu kuna Mama Mkaa. Anauza mkaa pale kona, na mtoto wake wa miezi saba kila mtu anamwita Kibonge. Yule mama alikimenya kiazi kwa kucha nyeusi tii, akakiminya kwa vidole, akampa mtoto. Mtoto akakitafuna kidogo, akakitema kwenye paja la mama yake. Mama Mkaa akakiokota pajani, akakila yeye, akaendelea na maongezi.

"Mama, hizo kucha," nilimwambia mbele ya wote.

"Nimenawa, mwalimu, na sabuni yako hiyo hapo. Huu weusi hautoki. Ni wa kazi."

Wenzake wakacheka. Nilimpima Kibonge mwenyewe: kilo tisa nukta moja. Mapaja yana mikunjo mitatu mitatu. Sijui wanawake wa namna hii wanabahatikaje.

Ijumaa, 22 Machi

Bosi amekula kijiko kimoja na nusu cha ndizi, kisha akageuka na kutapikia mkanda wa kiti. Ndizi imeingia kwenye matundu ya mkanda. Nimeitoa kwa kijiti cha meno, nusu saa nzima, nimebana pumzi.

Jumatano, 27 Machi

Hapana. Hapana. Hapana. Hivyo ndivyo alivyokula.

Jumamosi, 30 Machi

Na choo chake kimebadilika. Nilijua kitabadilika, nawaambia wengine kila wiki. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukifungua asubuhi, umeinama na tumbo tupu, ni kingine. Mama mkwe alimchukua mtoto mikononi mwangu huku anaimba, akamsafisha bila hata kukunja pua. Nilikwenda kusimama mlangoni nipate hewa ya mvua.

"Ukishazaa saba, pua inakufa," alisema akiwa kulekule ndani.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimempima. Nilisubiri kina mama waondoke wote, nikafunga mlango, nikamweka kwenye kaptura.

Saba nukta mbili. Mwezi mzima, na badala ya kupanda ameshuka.

Nilimtoa, nikamweka tena. Saba nukta mbili. Nilijiambia mzani umeingia kutu kwa unyevu. Nilijiambia ana mafua kidogo. Halafu nikaichukua kadi yake na kuandika saba nukta saba, nikachora mstari wake unapanda vizuri, kalamu haikutetemeka wala nini. Mtu anayefundisha mtaa mzima kulisha watoto, wa kwake anakonda. Ningewaeleza nini?

Ijumaa, 5 Aprili

Vijiko viwili vya uji. Vimebaki ndani robo saa. Nikaanza kufurahi.

Ijumaa, 12 Aprili

Sista msimamizi wetu, mwanamke mrefu asiyependa mchezo, aliikuta kadi ya Bosi mezani kwangu akaitazama.

"Mtoto anaenda vizuri sana," akasema. "Chora mstari huu kwenye karatasi kubwa, tubandike ukutani. Wamuone mtoto wa mwalimu wao."

Nimeuchora. Uko ukutani, kando ya mzani, kwa kalamu nene ya kijani. Kina mama wamepiga makofi. Mama Mkaa akasema, "Hongera mwalimu, kumbe unatupikia maneno na nyumbani unapika kweli." Nilikwenda chooni nikakaa humo, na choo cha kliniki si mahali pa kukaa.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nimemfokea mama mmoja kijana hadi sauti imekauka. Alikuwa amemlaza mtoto pajani chali, amembana pua kwa vidole viwili ili afungue mdomo, na uji anamimina. Mtoto anagugumia kama sinki linalozibuliwa.

"Unataka kumuua?" nilimuuliza.

"Hali, mwalimu. Nifanyeje?"

"Asiyetaka kula habanwi pua. Huyo ni mtu, si chupa."

Alilia. Mimi nikaona kinyaa hata kumtazama, vidole vyake vimejaa uji na kamasi za mtoto wake. Nilimwambia akanawe.

Ijumaa, 19 Aprili

Sita nukta tisa. Sikuandika popote ila hapa.

Jumapili, 21 Aprili

Naandika leo hiihii, kwa sababu kesho nitaanza kujisimulia vingine.

Ilikuwa saa saba mchana. Mvua inapiga bati hadi mnazungumza kwa kupigiana kelele. Mume wangu alikuwa ameitwa kwa jirani, maji yamerudi ndani. Mama mkwe alikuwa sebuleni anatandaza nepi kwenye viti, maana kamba imejaa. Mimi niko jikoni na Bosi kwenye kiti chake. Nilipika boga na kiini cha yai, zito, laini, kama ninavyofundisha. Akakitazama kijiko, akanitazama mimi, akafumba mdomo.

Asubuhi alifumba. Saa nne alifumba. Sita nukta tisa ilikuwa inazunguka kichwani tangu Ijumaa. Nilimfungua mkanda, nikamtoa, nikamlaza pajani chali, nikambana pua kwa vidole viwili.

Mdomo ulifunguka. Nikatia kijiko. Kilishuka, na nasema ukweli, nilifurahi. Nikatia cha pili. Cha tatu kiliingia akiwa anavuta pumzi ya kulia, na kilio hakikutoka. Nilisikia mvua tu. Midomo ikaanza kuwa na rangi ya zambarau, macho yamenikodolea, na mimi nimeshika kijiko hewani. Mimi, mwenye cheti cha kufundisha watu wafanye nini ikitokea hivyo, nimekaa nimeshika kijiko.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Mama mkwe aliingia, akamchukua pajani mwangu bila kuniuliza kitu, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake kichwa chini, akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja. Moja, mbili, tatu, nne. Tonge la boga likaangukia miguuni kwake. Bosi akalia, kilio cha kukwaruza, halafu akatapika yote shingoni mwa bibi yake.

Yalimshuka ndani ya gauni, ya njano, yenye mabonge. Hakuyafuta. Alisimama hivyo anampigapiga mgongo, anamwambia pole baba, pole baba. Nilisogea na kitambaa. Bosi aliuona mkono wangu unakuja, akageuka, akauficha uso kwenye shingo ya bibi yake, kwenye matapishi yaleyale.

"Kaa chini, mwanangu, kabla hujaanguka," mama mkwe aliniambia.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Mume wangu aliporudi alisikiliza hadi mwisho, amesimama mlangoni na matope yake. Siku zote ana utani. Leo hakuwa nao. "Kwa sasa usimlishe," alisema tu. "Anyonye."

Nimenawa mikono mara sita. Miaka yote nimewaona watu wachafu, kucha zao, mate yao, makamasi ya watoto wao. Hivi vidole viwili ninavyoshikia kalamu ndivyo vichafu kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na sabuni haivifikii.

Jumatano, 24 Aprili

Ananyonya tu. Akiona kijiko analia. Kijiko chochote, hata cha chai ya baba yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilikwenda stoo kuleta vikombe vya darasa. Nikirudi, niko kwenye korido, nasikia kicheko darasani. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikachungulia.

Mama Mkaa amekaa kwenye kigoda changu, amevaa aproni yangu, Kibonge yuko mapajani mwake. Alikuwa ananiigiza. Amevuta mdomo upande mmoja, pua imepanda juu, na kichwa amekirudisha nyuma kabisa, mkono tu ndio unaokwenda kwa mtoto. Kijiko kinaingia, kitambaa kinafuta. Kijiko, kitambaa. "Tunafungua mdomo, mwanangu, tunafunga mdomo," anasema, kwa sauti yangu hasa, ile ya puani. Wenzake wanafuta machozi kwa kucheka. Yule mama kijana niliyemfokea alikuwa amejiinamia tumbo lake.

Nilikuwa niingie na moto wangu wote. Lakini kijiko cha tatu kilipofika, Kibonge alifumba mdomo.

Kibonge, jamani. Mtoto anayekula hata mguu wa benchi ukimwachia. Mama Mkaa akasogeza kijiko, bado yumo kwenye mchezo, na mtoto akageuza kichwa akatazama ukuta. Kicheko kikapungua taratibu.

"Ee, Kibonge? Ni mimi," alimwambia, na uso wake ukarudi kuwa wake. Mtoto alimtazama muda mrefu, anamkagua. Kisha akafungua mdomo.

Hapo ndipo waliponiona. Mama Mkaa alisimama haraka, anahangaika na kamba za aproni. "Mwalimu, nisamehe. Tulikuwa tunacheka tu."

"Fanya tena," nikasema.

"Mwalimu..."

"Ile sura. Fanya tena."

Akafanya, kwa aibu, bila mchezo. Safari hii Kibonge hakungoja kijiko. Aliutazama uso ule na midomo ikaanza kumtetemeka.

"Ndivyo ninavyokuwa?"

"Ukionja vyakula vyetu," Mama Mkaa akasema, "na ukiwashika watoto. Sisi tumekuzoea, tunajua ni uso tu."

Darasa niliendesha, sijui niliongea nini. Mstari wa kijani ulikuwa ukutani nyuma yangu muda wote.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo asubuhi nimemweleza mama mkwe habari za jana, zote, hadi kuigizwa. Alinisikiliza huku anamenya viazi.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani uso huo ni wa kwangu."

"Vipi, mama?"

"Tangu nifike. Kila nikimshika mtoto unakuwa nao. Nikasema basi, mkwe wangu ananiona mchafu, wacha nifuate karatasi yake, mvua ziishe niende zangu."

Ningemwambia si kweli. Lakini ilikuwa kweli, na yeye alijua ni kweli. Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Akasema nipe kile kisu kingine, hiki butu. Niliibandua ile karatasi ukutani mwenyewe.

Mchana alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, Bosi katikati, sahani ya viazi laini pembeni. Mimi niliamriwa nikae nimegeukia ukuta. Mama mkwe akawa anakula yeye, polepole, anasifia viazi vyake, hamkaribishi mtu. Niliutazama ukuta mpaka nikajua kila ufa wake.

"Ameshika," akanong'ona.

Baadaye: "Amekipaka kwenye nywele."

Baadaye tena: "Kimeingia. Usigeuke."

Sikugeuka. Nilikuwa nalia, na uso wa kulia nao si wa kumwonyesha mtoto anayekula.

Jumanne, 30 Aprili

Viazi, kwa vidole vyake mwenyewe. Siwezi kuhesabu vijiko kwa sababu hakuna kijiko. Sakafu inatisha. Masikio yake yanatisha. Natoka jikoni, napiga deki wakishamaliza, nashukuru.

Alhamisi, 2 Mei

Baba yake amempa ndizi. Alikuwa ameoga, nadhani. Sikuuliza.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kupima. Nilimbeba Bosi moja kwa moja hadi ofisini kwa Sista na kadi mkononi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: uzito wa kweli wa Aprili, uzito nilioandika, Jumapili ile, vidole viwili. Alimpima yeye mwenyewe, saba kamili. Akamsikiliza kifua, akamwangalia macho, akaagiza vipimo vya damu. Hakuwa na ugonjwa. Ndipo akanigeukia mimi.

"Unajua ni mama wangapi wamerudi kwao wakijiona hawafai kwa sababu ya ule mstari wako?"

"Najua, Sista."

"Hujui. Mimi ndiye niliyewaambia wamwige mtoto wako. Umeniweka kwenye uongo wako bila hata kuniomba ruhusa." Aliishika kadi kwa ncha za vidole, kwa pembe moja. Ule uso naufahamu, ni wangu. Sasa najua mtu anavyojisikia akiwa upande wa pili wa uso huo. "Nitakuandikia barua ya onyo. Mwezi huu hutashika kadi ya mtoto yeyote. Utaosha vikombe na kufua kaptura za mzani. Na ile karatasi ukutani utairekebisha mwenyewe, Ijumaa, wakiwepo wote."

Ijumaa, 10 Mei

Nimeirekebisha. Nilichukua kalamu nyekundu, na chini ya mstari wa kijani nikachora wa kweli: saba nukta tatu, saba nukta mbili, sita nukta tisa, saba. Nikawaambia wa kijani ni wa uongo, niliutunga mimi, kwa sababu niliona aibu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alisonya. Mwingine akachukua mwanawe na mwavuli wake akaondoka, na nadhani harudi. Yule mama kijana alinitazama muda mrefu sana.

"Mwalimu," akasema, "hiyo sita nukta tisa, ulimbana pua?"

"Nilimbana. Alipaliwa, karibu nimpoteze. Bibi yake ndiye aliyemwokoa."

Akatikisa kichwa. Sikumwona akinisamehe, na sikuwa na haki ya kumwomba.

Mama Mkaa alibaki nyuma kunisaidia vikombe. Vina uji uliokauka pembezoni, unaukwangua kwa kucha. Zake nyeusi, zangu nyeupe, maji yaleyale.

Ijumaa, 17 Mei

Nimefua kaptura za mzani tano. Sina la kuongeza.

Jumanne, 21 Mei

Mama mkwe anasema mvua zinaisha, ataondoka mwezi ujao. Nimemwomba abaki. Kasema atafikiria, kisha akaonja supu ya mtoto kwa midomo yake huku ananitazama. Nikamwomba tu achukue kijiko kingine cha kumlishia. Akachukua. Kwa hiyo wote wawili tumeshinda.

Jana Bosi alikubali kijiko, ila akishike yeye. Anakishika kichwa chini, anakula mpini.

Ijumaa, 31 Mei

Jua tangu asubuhi. Tumefungua madirisha yote ya darasa. Leo nilikuja na Bosi, tukakaa chini pamoja na wengine, mimi si mwalimu leo, Sista ndiye aliyefundisha. Alimpima kwanza: saba nukta nne. Bado yuko nyuma ya wenzake. Mstari mwekundu umepanda kidogo, ameuchora yeye.

Chakula kilipotolewa, Bosi alichukua kipande cha kiazi. Alikitafuna kwa fizi na meno yake mawili, akakitoa, akakikagua. Akakidondosha kwenye mkeka, akakiokota na kukifinya ngumini mpaka kikatokea kati ya vidole. Halafu akageuka akanyoosha mkono, moja kwa moja hadi mdomoni kwangu. Hajawahi kunipa kitu. Tangu Jumapili ile hata kula alikuwa hali akinikabili, lazima nikae pembeni.

Kile kiazi kilikuwa kimelowa, kinang'aa kwa mate, kina unywele mmoja na chembe nyeusi ambayo nadhani ilikuwa mkaa. Mama Mkaa aliacha kuongea. Yule mama kijana akanitazama usoni, na mwenzake naye, mpaka darasa zima lilikuwa linautazama uso wangu. Bosi naye alikuwa anautazama, mkono umenyooka, ananikagua.

Nikafungua mdomo.

Kilikuwa cha vuguvugu. Kiliteleza, na ule unywele ulikwama kwenye ulimi. Sijawahi kula kitu kibaya namna ile, na nilikitafuna, nikakimeza, nikamwambia, "Asante, baba. Kitamu."

Akanitazama mpaka nilipomaliza kumeza. Kisha akatia kidole mdomoni mwake, akachokoa, akanitolea kingine.